Wembe Usiopita Mkandani

Kila neno mtakalolisoma hapa ni kweli tupu. Najua mnavyonijua, kwa hiyo sitaapa kwa mbingu wala kwa kaburi la mtu. Naapa kwa masharubu yangu, ambayo nimeyalea tangu siku niliyostaafu, nikiyapaka mafuta asubuhi na kuyafunga kitambaa nikilala. Kwenye duka la kinyozi tunakokutana kuna sheria: anayekamatwa na uongo hatozwi hata senti, ananyolewa kile anachojivunia. Kuna bwana mmoja alitoka pale hana nyusi, mkewe akamfungulia mlango akamwambia mwenye nyumba hayupo. Kwa hiyo sina mchezo. Hadithi yenyewe inamhusu kinyozi huyohuyo, na wembe wake hauko mbali.

Watu walimwita Mwepesi, kwa sababu ya mkono. Vingine vyote kwake vilikuwa vizito: tumbo zito, usingizi mzito, na ukimtania leo alicheka kesho kutwa. Lakini mkono! Siku moja nzi alitua kwenye povu la mteja, Mwepesi akapitisha wembe, nzi akaruka zake salama, ila ndevu hana. Mteja mwingine alisinzia kitini, akazinduka akauliza, "Tunaanza saa ngapi?" na kumbe amekwisha kupakwa poda.

Kiti cha Mwepesi kilikuwa cha kwanza, dirishani, penye mwanga. Cha pili, kule nyuma karibu na karo la maji, kilikuwa cha Pacha. Hawakuzaliwa tumbo moja hao. Walijifunza kazi kwa fundi mmoja, wakaanza siku moja, wakafungua duka pamoja, wakaoa mwaka mmoja, na jina likashika. Mwepesi akimaliza kunyoa alinyoosha mkono wa kushoto nyuma, bila kutazama, na Pacha, hata akiwa katikati ya kichwa cha mtu, alimwekea taulo kiganjani. Taulo la moto, la kufuta povu na kulegeza ngozi. La baridi lilikuwa la damu tu, maana mtu akikatwa, maji baridi hufunga jeraha. Miaka yote hiyo hakuna aliyesema "nipe" wala aliyesema "shika."

Damu yenyewe ilikuwa na sheria yake. Fundi aliyewafundisha alikuwa mlevi, na wateja wake walitoka wamebandikwa vipande vya karatasi usoni kama barua zenye stempu. Vijana wale wawili walipofungua duka waliandika ukutani kwa rangi iliyobaki ya mlango: DAMU TATU, WEKA WEMBE. Maana yake, kinyozi atakayemkata mteja mara tatu kabla mwaka haujageuka anaweka wembe chini, anahamia kwenye mkasi na mashine, na kiti cha dirishani ni cha mwenzake. Waliandika wakicheka. Nani angemkata nani?

Kisha likaja rovu. Lilianza kama kikoromeo kilichoshiba, likaendelea, hadi Mwepesi akawa hafungi kola. Hospitali wakalitoa, akarudi na kovu lililopinda chini ya kidevu kama mdomo wa pili unaotabasamu. Rovu lilikwenda, lakini halikwenda peke yake. Nyuma yake, kumbe, hukaa tezi nyingine nne, kila moja kama punje ya mchele, ambazo mtu huishi nazo hadi uzee bila kujuana nazo. Za Mwepesi zilinyimwa damu wakati wa kupasuliwa, zikafa. Usiku uleule midomo ilianza kumtekenya kama kapaka pilipili, na vidole vikajikusanya vyenyewe, dole gumba ndani, vingine vimenyooka juu yake, kama mdomo wa bata. Akautazama mkono wake wa kazi akaona ni wa mtu mwingine.

Daktari, mwanamke kijana wa umri wa binti yake, alikaa kitandani pake akamweleza polepole.

"Baba, zile punje ndizo zilizokuwa zikilinda kalsiamu kwenye damu. Ikipungua kidogo tu, zinatuma habari. Mifupa itoe akiba. Figo zizuie kalsiamu, zimwage fosfeti. Na figo hizohizo zimalizie kuitengeneza vitamini D, ili utumbo uvute kalsiamu kwenye chakula. Sasa mtuma habari hayupo. Kila mtu kakaa anasubiri kuambiwa."

"Na mkono?"

"Misuli na mishipa ya fahamu ikikosa kalsiamu inajikaza yenyewe. Mkono utakuwa mzima ukila dawa. Ukiacha, utakukunjikia."

Dawa zilikuwa aina mbili: vidonge vyeupe vya kalsiamu, vikubwa kama vifungo vya koti, na vidonge vidogo laini, vya rangi ya kahawia, vya vitamini D ya namna yake. Vyeupe viliuzwa kila mahali. Vya kahawia vilitolewa hospitali tu, dirisha la dawa, asubuhi, na foleni yake ilikuwa ndefu hata watu walijuana wakaoana humo.

Asubuhi ndiyo saa ya ndevu. Mwepesi akiwa foleni, nani angekaa dirishani?

"Wewe kaa na watu wako," Pacha akasema. "Mimi nitapanga foleni. Watu wangu ni wenye upara na wenye haraka. Wenye upara watasubiri, wenye haraka wakasirike."

Mwepesi akamshika bega. Hakusema asante, kwa pacha haisemwi. Ikawa kila chupa ikikaribia kuisha, Pacha anaondoka alfajiri, anarudi jua limepanda, anaiweka chupa mpya, nyeusi, juu ya rafu ya poda, na jioni Mwepesi anaondoka nayo. Nyumbani, mke wa Mwepesi ndiye aliyezitoa dawa na kuziweka kwenye kisosi karibu na chai. Mkono ukarudi. Tena ukarudi vizuri kuliko zamani, au labda mtu akikaribia kupoteza kitu hukiona kimeongezeka.

Fundi saa, mteja wa kila siku, ndiye aliyeanza kumsifu. "Mwepesi, bwana, umenyoa kama mtu anayepuliza."

Siku hiyo duka lilikuwa limejaa na sifa zilikuwa zimemkaa Mwepesi kichwani. Akachukua kwenye rafu chupa iliyoletwa asubuhi ile, akatoa kidonge kimoja cha kahawia, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mnakiona hiki? Mkono wangu wote umo humu."

"Basi nipe na mimi kimoja," akasema fundi saa, "nikashike saa za kike. Zimenishinda na miwani miwili."

Duka likacheka. Mwepesi mwenyewe, safari hii, alicheka siku ileile. Kule nyuma kwenye karo Pacha alikuwa anaosha brashi ya sabuni, na aliiosha muda mrefu.

Chupa iliyofuata ilikuwa na vidonge vya njano, vinene, vinavyong'aa kama matone ya mafuta.

"Mbona vimenenepa?" Mwepesi akauliza.

"Hata mimi nilimuuliza yule wa dirisha la dawa. Anasema kiwanda kimebadilisha sura. Dawa ni ileile."

"Vinakula vizuri kuliko mimi."

Wakacheka wote wawili. Mwepesi akameza.

Haikuchukua muda. Kwanza ncha za vidole zikaanza kufa ganzi, kama mtu aliyelalia mkono. Halafu midomo. Halafu alasiri moja, fundi saa akiwa kitini anasimulia habari za jirani, kidole gumba cha Mwepesi kikaingia ndani ya kiganja bila ruhusa, wembe ukapinda, na ncha ya sikio la fundi saa ikafunguka. Taulo la baridi likaja. Fundi saa akasema si kitu, sikio lenyewe hakulitumia sana, mkewe akiongea. Lakini macho ya duka zima yalikwenda ukutani, kwenye yale maandishi ya rangi ya mlango, na ya Mwepesi yalikwenda pia.

"Moja," akasema mwenyewe, kabla hajasema mwingine.

Aliongeza vidonge vyeupe. Alikunywa maziwa. Alikaa juani mchana, kiti kimetolewa nje, kwa kuwa alisikia jua huipa ngozi vitamini. Akakaa hadi akaungua shingo na mkono usibadilike. Akawa anaamka anaukanda mkono ndani ya maji ya moto, anaenda dukani anawasalimu watu kwa kushoto ili wasisikie unavyotetemeka.

Pacha naye, wakati huohuo, alikuwa na yake. Alikuwa na kiu. Alileta jagi lake mwenyewe dukani, akalimaliza, akalijaza karoni, akalimaliza tena. Na maji yakiingia lazima yatoke. Alimwacha mtu na shavu moja limenyolewa na jingine lina msitu, akaenda uani, na akirudi alikuta mteja ameota ndevu upande ule wa kwanza. Tumbo lilimfunga. Alilalamika kiuno. Akitumwa sabuni alisahau njiani alitumwa nini. "Ni joto hili," alisema, hata mvua ilipokuwa inanyesha. Wateja walimtania kwamba labda ana mimba. Mwepesi hakumtania. Alimwonea huruma mwenzake, akamwambia aende hospitali.

"Nikapange foleni tena?" Pacha akasema, akageukia jagi.

Damu ya pili ilikuwa ya mwalimu mkuu, mtu anayenyolewa amekaa wima kama yuko gwaride. Mwepesi alikuwa ameanza chini ya kidevu, akipanda. Akausikia mkono unaanza, ule mkazo wa kifundo, na kabla haujakunjika akanyoosha wa kushoto nyuma, kwa mazoea tu, ili apate kitu cha kushika. Taulo likatua kiganjani. Ndipo wembe ukateleza. Ndipo mwalimu mkuu akasema "Aa!" na mstari mwekundu ukachora shingo yake.

Mwepesi akalibandika taulo pale, akaomba radhi mara nyingi, na mwalimu akasema yaliyopita yamepita ingawa hakurudi tena. Katika fujo hiyo kuna jambo dogo lililopita kiganjani mwa Mwepesi na hakulikamata. Lilibaki huko, kama mwiba uliovunjikia ndani.

"Mbili," akasema.

"Pumzika, ndugu yangu," Pacha akamwambia, akimwekea mkono mgongoni. "Mkasi si aibu. Mashine si aibu. Sote tunazeeka."

Usiku nyumbani Mwepesi alikitazama kisosi chenye dawa, kisha akamtazama mkewe. Mtu aliyesalitiwa na mkono wake mwenyewe humtafuta mkosaji mwenye masikio.

"Hizi dawa unaziweka wapi?"

"Kabatini. Kama siku zote."

"Huzianiki juani? Hukuzibadilisha? Hukumpa dada yako, yule wa magoti?"

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Akaiweka ile aliyoshika chini, taratibu, kama kitu cha kioo.

"Nimekaa na wewe hadi meno yako ya nyuma nayajua lipi linauma mvua ikija," akasema. "Nimekulisha kwa kijiko ulipotoka kupasuliwa. Leo mimi ndiye mwizi wa vidonge?"

"Sikusema mwizi."

"Umesema kwa mzunguko. Sawa. Kesho tunakwenda kwa yule binti daktari. Na hatuendi na maneno, tunakwenda na chupa yenyewe. Aone ninachokulisha."

Hakumwambia lala salama. Alizima taa upande wake tu.

Kesho yake daktari alimkalisha Mwepesi, akamgonga kwa kidole mbele kidogo ya sikio, na pembe ya mdomo ikaruka yenyewe, tik, kama mtu aliyekonyeza kwa mdomo. Akamfunga mkanda wa kupimia presha, akaupandisha akauacha umebana. Mkono ukakunjika mbele ya macho yao wote: dole gumba ndani, vidole vimenyooka. Mdomo wa bata.

Majibu ya damu yakaja. Kalsiamu chini sana. Fosfeti juu.

"Baba, umeacha dawa."

"Muulize huyu kama nimeacha!"

Mke akaitoa chupa mkobani, akaigonga mezani. Daktari akamimina kidonge kimoja cha njano kwenye kiganja chake. Akakigeuza.

"Hii nani kakupa?"

"Si ninyi? Kiwanda kimebadilisha sura."

"Hakuna kilichobadilika. Hii ni vitamini D ya kawaida, ya kuuzwa dukani. Si mbaya. Mtu mwingine ingemfaa. Wewe haikufai." Akatafuta namna ya kusema. "Vitamini D, iwe ya jua iwe ya chupa, inaingia mwilini bado haijawa tayari. Ini linaifanyia kazi mara ya kwanza. Halafu figo zinaifanyia mara ya pili, na hapo ndipo inapata nguvu. Figo zako hazifanyi hiyo ya pili, kwa sababu zile punje za kuziamuru hazipo. Ndiyo maana nilikuandikia ile iliyokwisha kumaliziwa."

Mwepesi aliutazama mkono wake uliokuwa unafunguka polepole.

"Wembe," akasema, "unaunoa jiweni kwanza. Ukiishia hapo, una makali lakini haunyoi, unakwaruza. Lazima uupitishe kwenye mkanda wa ngozi. Hii ni ya jiweni tu. Haijapita mkandani."

"Ndiyo, baba. Na mkanda wako ulikatika."

Alimtundikia dripu ya kalsiamu, akamwandikia vile vya kahawia upya. Halafu, akiandika, akasema bila kuinua kichwa, "Kinachonisumbua ni hivi vya kweli vimekwenda wapi. Kwenye kumbukumbu zetu vimetoka dirishani kila mara. Kama kuna mtu mzima wa afya anavimeza, huyo yuko hatarini. Kalsiamu yake itapanda. Atakuwa na kiu isiyokatika, atakojoa mchana kutwa, choo kitamfunga, atasahausahau, na figo zitaanza kufanya mawe. Mkimjua, mleteni haraka."

Dripu iliendelea kudondoka. Mwepesi hakumtazama mkewe, lakini alijua anamtazama.

"Jagi," mkewe akasema, kwa sauti ndogo.

Na wakati huo ule mwiba ukajitokeza kiganjani. Taulo. Lile taulo la mwalimu mkuu lililotua mkononi mwake kabla wembe haujateleza, kabla ya damu. Lilikuwa la baridi.

Pacha aliliandaa. Alilowesha, akakamua, akasubiri.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na hawakusema kama kinaweza pia kuwa kinakuwekea taulo. Mwepesi alilala na sindano mkononi hadi dripu ikaisha, na machoni hakuna hata chozi. Mkewe ndiye aliyemfunika. "Nisamehe," akamwambia. "Nitakusamehe ukirudi," mkewe akajibu. "Nenda kwanza kwa mwizi mwenyewe."

Hakwenda siku hiyo. Alimeza vile vya kahawia, akangoja hadi vidole vikatulia, hadi aliweza kupenyeza uzi kwenye sindano bila kulamba. Ndipo akaenda, asubuhi, saa ya ndevu. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa kiti cha dirishani, nimelala nyuma, povu hadi masikioni, na niliona yote kwenye kioo.

Mwepesi aliingia, akavua koti, akapita kiti chake. Akaenda nyuma, akaketi kwenye kiti cha pili, karibu na karo, ambacho hakuwahi kukikalia hata kwa mzaha.

"Ninyoe," akasema.

Pacha alikuwa na jagi mkononi. "Wewe?"

"Mimi si mtu? Ninyoe."

Pacha akamfunga shuka, akapaka povu. Akachukua wembe, akaupitisha mkandani, na mlio wake ulikuwa wa haraka mno. Mwepesi akalaza kichwa nyuma. Kovu lake likawa juu, wazi, na wembe ukaanza kulizunguka.

"Pacha."

"Naam."

"Vile vya njano ulinunua wapi?"

Wembe ukasimama. Ukaendelea. "Vipi vya njano?"

"Usinifanye mtoto. Wembe uko kwenye shingo yangu, nani amwogope mwenzake?"

Maji yalidondoka bombani. Pacha akameza mate, maana kiu haikumwacha hata hapo.

"Ulisema mwenyewe," akasema hatimaye. "Ulikiinua pale dirishani, watu wote wakaona. Ulisema mkono wako wote umo humo."

"Nilitania!"

"Mimi sikucheka." Pumzi yake ilikuwa karibu na sikio la Mwepesi. "Tangu ujana watu wanakaa kwangu wakikusubiri wewe. Nikimnyoa mtu, jicho lake liko kwenye kioo, anaangalia kama kiti chako kimepata nafasi. Nikasema kama ni mkono tu, Mungu kaumba, basi. Lakini kama ni kidonge? Kama siku zote ilikuwa ni kidonge?"

"Siku zote! Rovu nimetolewa juzi, wewe!"

"Mtu mwenye wivu hapigi hesabu," Pacha akasema.

"Na mkono umekuwa mwepesi?"

"Umekuwa mzito. Nikaongeza. Ukazidi."

Hapo Mwepesi angeweza kucheka, na labda siku nyingine angecheka, kesho kutwa. Lakini lilibaki moja, na hilo ndilo lililomleta.

"Hayo ya kidonge nayaelewa. Ni ujinga, na ujinga una dawa. Niambie la taulo."

"Taulo gani?"

"La mwalimu mkuu. Liliingia mkononi mwangu la baridi, na bado sijamkata."

Wembe wa Pacha ukateleza, ukala ngozi kidogo chini ya kovu. Tone likatoka, likatelemka kwenye povu jeupe, likaacha njia nyuma yake.

Wote wawili waliliangalia kwenye kioo.

"Nilikuona mkono unaanza kukunjika," Pacha akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilikuwa naujua mkono wako. Nilijua kabla yako. Ningeweza kukushika."

"Ukaenda karoni."

"Nikaenda karoni."

Mwepesi akavua shuka shingoni. Akasimama imara kama askari, macho makavu, nusu ya uso ina povu. Akaelekeza kidole ukutani, kwenye rangi ya mlango waliyoipaka wakiwa vijana.

"Ile ya fundi saa ni yako. Ulimkata wewe, kwa mkono wangu. Ya mwalimu mkuu, yako pia. Hii umekata kwa mkono wako mwenyewe. Damu tatu. Weka wembe."

Pacha akauweka. Aliuweka ukingoni mwa karo, makali ndani, kama walivyofundishwa. Halafu Mwepesi akafuta shingo kwa mkono, akavaa koti, akampeleka hospitali, akapanga foleni naye na kumshikia jagi, na njia nzima hakumsemesha hata neno. Figo zilisafishwa, kalsiamu ikashuka, akapona. Jiwe walilomtoa lilikuwa kubwa kama yai, gumu hata Mwepesi analitumia kunolea wembe hadi leo.

Hapo ndipo nilipofika juzi, nikiwasomea dukani karatasi hizi kwa sauti ya kupendeza. Watu walikuwa kimya. Fundi saa alikuwa anajifuta macho, akisema ni poda. Mwepesi alikuwa dirishani, ananoa wembe mkandani, na hakuinua uso.

"Umemaliza, mzee?"

"Karibu."

"Hilo jiwe la kama yai, liko wapi nilione?"

"Hilo ni pambo tu la—"

"Sikukamati kwa jiwe. Jiwe hata mtoto angelijua. Siku ile ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapa hapa, kiti cha dirishani."

"Siku ile nilifunga mlango, nikashusha pazia. Tulikuwa wawili."

Duka likanigeukia lote. Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia pale pale nilipokaa.

"Basi kama sikuwepo," nikajitetea, "haya yote nimeyajuaje?"

"Nilikuhadithia mimi, mwaka jana, umekaa hicho kiti. Na nilikuhadithia kwamba nililia. Nililia hadi nikashindwa kumwambia neno 'weka'. Niliuonyesha ukuta tu. Wewe umemliza yeye peke yake, mimi ukanisimamisha kama askari."

"Nilidhani utaona haya."

"Ningeona. Lakini ningekuwa mimi." Akapima wembe kwenye kucha. "Laza kichwa nyuma."

Nikalala. Povu lilikuwa la moto. Ninawaapia, sasa bila rehani kwa kuwa sina cha kuweka, kwamba sikuusikia. Kulikuwa na kitu kama pumzi chini ya pua, kushoto, kisha kulia, na masharubu ya miaka yangu yote ya kustaafu yakawa yamelala kifuani pangu kama paka.

Mwepesi akanyoosha mkono wa kushoto nyuma, bila kutazama.

Ukabaki hewani. Kule nyuma kiti cha pili kilikuwa kitupu tangu Pacha alipoweka wembe, shuka limekunjwa juu yake, na karo kavu. Vidole vyake vilikuwa vimetulia, vimefunguka, vinangoja. Kisha akakumbuka. Akaushusha mkono polepole, akaenda mwenyewe kulichukua taulo.